Kuni za Boila na Majivu Yake

Siku ya chai ya kuniaga, nyinyi vijana mnaobaki na mashine za stima mliniuliza nilikuwa nikifanya nini miaka yote ile katika kibanda cha mabati nyuma ya dobi. Nilicheka, na chai ikaisha kabla sijajibu. Sasa niko nyumbani, kuku hawaniulizi kitu, nimepata nafasi ya kujibu. Sitaandika habari za vyeo kwa sababu nilikuwa nacho kimoja tu, wala za mshahara kwa sababu mnaujua. Nitaandika habari za kuni.

Niliingia hospitali mwanzoni mwa miaka ya tisini kama mfuaji wa shuka. Nilizaliwa Kisegi, nikaolewa Lambwe, na ile hospitali ndogo ya misheni ilikuwa kati ya nyumba zangu mbili, upande wa Homa Bay, karibu na ziwa. Stima ilikuwepo, lakini ilikuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Kwa hiyo kazi yote ya joto ilifanywa na boila: tangi kubwa la chuma lililolala juu ya tanuri la kuni. Mvuke wake ulikwenda sehemu tatu kwa mabomba. Ulipika uji wa wagonjwa, ulichemsha shuka zetu, na ulikwenda kwenye sanduku la chuma lililokuwa karibu na chumba cha upasuaji, ambamo visu, mikasi na vitambaa vya daktari vilisafishwa kwa mvuke kuua vijidudu. Uji ukichelewa, watu hulalamika. Sanduku lile likichelewa, mtu anaweza kufa. Nilielewa hivyo baadaye. Siku za kwanza nilijua tu kwamba kule nyuma kuna moshi.

Boila ilikuwa mikononi mwa Mzee Marwa, Mkuria wa kutoka upande wa Kehancha, aliyejifunza moto katika kiwanda cha sukari. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata jua la saa sita, na Dholuo chake kiliishia kwenye salamu. Mimi Kikuria sikijui hata salamu. Tulizungumza Kiswahili, yeye kile cha kambi za kazi, mimi kile cha sokoni, na kila mmoja alifikiri chake ndicho sanifu.

Msaidizi wake alimkimbia kwenda kuchimba dhahabu Migori. Wakaja dobi kuuliza nani ana mgongo wa kubeba magogo. Wenzangu walinitazama wote kwa pamoja. Kuwa mrefu kuna hasara zake.

Asubuhi ya kwanza nilifika nikitarajia kupewa shoka. Mzee Marwa alinipa karai.

"Fungua mlango wa chini," alisema. Nikafungua. "Unaona nini?"

"Majivu."

"Majivu ya nini?"

"Ya kuni, Mzee."

Alinitazama kama mtu aliyeuliza bei akaambiwa habari za mvua. "Rudi dobi. Kuja kesho."

Nilirudi dobi nikiwa na hasira, wenzangu wakanicheka. Kesho yake nilipofungua ule mlango sikujibu haraka. Nilichuchumaa, nikaingiza mkono. Upande mmoja majivu yalikuwa meupe na laini kama unga wa muhogo. Upande wa pili yalikuwa ya kijivu, mazito, yenye chembechembe nyeusi.

"Jana kulichomwa kuni aina mbili," nikasema. "Na hizi za huku hazikuungua vizuri."

"Hiyo ilikuwa na maji ndani," akasema. "Sasa umeingia kazi."

Ndivyo alivyonifundisha: majivu kwanza, moto baadaye. Alisema moto hupendeza kila mtu na kwa hiyo hudanganya kila mtu, lakini majivu hayana sababu ya kukupendeza. Alinifanya niyasugue kati ya vidole, niyapime kwa kiganja, hata niyaonje kwa ncha ya ulimi. Mgunga ule tunaouita oriang' ulitoa majivu machache na mazito, na makaa yake yalikaa kama mkwe aliyepewa kiti. Huo ndio mti wa kushikilia mvuke. Ober, wenye magamba ya kubanduka, uliwaka polepole na kuacha ule unga mweupe. Mkaratusi ulishika haraka, ukapandisha mvuke haraka, ukaisha haraka. Ulikuwa mzuri kwa kuanzia asubuhi, ila ukichomwa mbichi uliacha lami kwenye bomba la moshi, na majivu yake mepesi yaliruka hadi kwenye kamba za dobi. Nilikuwa nimeyalaani kwa miaka bila kujua jina la mti wake. Mwembe ulikuwa na moshi mwingi na joto kidogo, kama mikutano fulani ambayo sitaitaja.

Kuni zetu nyingi zililetwa na Okello, mfanyabiashara mcheshi mwenye lori bovu. Siku moja alichanganya ndani ya mzigo matawi ya ojuok, ule mnyaa wa uani wenye maziwa meupe. Maziwa yake yakiingia machoni ni balaa, na moshi wake si mwema pia. Tulilia siku nzima. Msimamizi wa hospitali alitaka kumfokea Okello mbele ya watu, lakini Mzee Marwa akaomba aachiwe. Mzigo uliofuata ulipofika alimkaribisha Okello kibandani kwa heshima zote, akampa kiti karibu na mlango wa tanuri, akampa chai, akamwomba awe anasukuma kuni ndani wakati wakiongea. Zilikuwa zile za ojuok, tulizokuwa tumeziweka kando. Okello hakumaliza chai. Alitoka akijifuta macho kwa shati, na kutoka siku hiyo hatukuona tena hata kijiti cha ojuok.

Majivu hayakutupwa. Kila Ijumaa wanawake wa jirani walikuja na ndoo na magunia, wakiongozwa na mama mmoja mjane, muuza maharagwe, tuliyemwita Min Anyango. Walitaka ya ober kwa kuhifadhia maharagwe yasiliwe na wadudu. Mengine yalikwenda chooni, mengine kwenye viota vya kuku, na mengine walichujia maji ya kulainishia mboga za kienyeji. Min Anyango alikuwa mkali kuliko Mzee Marwa. Akishika majivu yenye chembe nyeusi alinirudishia, akiniita mwanangu kwa Dholuo: "Nyathina, haya bado ni kuni."

Baada ya miaka kadhaa nikaanza kuona kitu. Mzee Marwa alikuwa ananiuliza maji yako wapi. Boila ina kioo chembamba ubavuni kinachoonyesha maji yamefika wapi ndani ya tangi. Hicho ndicho kitu pekee katika chumba kile kinachoweza kukuua bila kelele, kwa sababu maji yakiisha na moto ukiendelea, tangi hupasuka. Kwa miaka alikuwa haniruhusu kukisoma bila yeye kuhakikisha. Sasa alikuwa akisema, "Soma wewe, mikono yangu iko na kazi," na mikono yake ilikuwa mfukoni. Nilimtazama machoni nikaona wingu jeupe kwenye mboni zote mbili.

Sikusema kitu mbele ya watu. Nikawa nasoma kioo kwa sauti kila nilipopita, kana kwamba ni tabia yangu tu. Yeye akawa anaitikia "mm." Tulikwenda hivyo mpaka siku aliposhika mlango wa tanuri kwa mkono mtupu akidhani ni ukuta. Nilimfunga kiganja kwa kitambaa. Akaniambia, bila uchungu, kwa lile jina la binti wa Kisegi ambalo wote waliniita, "Nyar Kisegi, mimi naenda nyumbani. Usiwaambie ni macho. Waambie ni ng'ombe."

Alipanda gari la Migori na kifurushi kimoja. Akaniachia mtaimbo wake wa kuvunjia takataka za tanuri, na boila nzima.

Kisha ukaja mwaka wa mvua za Elnino. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Kuni zetu nzuri zilikuwa zikija kwa mashua kutoka upande wa Kisegi na kwa lori kutoka Lambwe. Ziwani gugumaji lilikuwa limefunga ufuo, majani mabichi kama shamba, na mashua zikakwama nje zikilitazama. Barabara ya Lambwe ilikatwa na mto. Kuni zilizokuwa uani zilinyeshewa hadi zikaota uyoga, na uyoga wenyewe haukuwa wa kuliwa.

Msimamizi akafanya alichoweza. Alinunua magunzi ya mahindi kwa mwenye kinu, magunia mengi, makavu kabisa. Nilifurahi. Magunzi huwaka kama sherehe. Lakini kufikia siku ya pili moto ulianza kuzimia wenyewe, na nilipoingiza mtaimbo ukagonga kitu kigumu. Majivu ya magunzi yalikuwa yameyeyuka kwa joto yakashikana, yakaganda juu ya vyuma vya kubebea kuni kama sahani ya kioo cha kijani. Hewa haikuweza kupita kutoka chini. Moto usiopumua hufa kama mtu.

Asubuhi hiyo hiyo wanaume wanne waliingia na kitanda mabegani, wamelowa hadi kifuani kwa kuvuka mto. Juu ya kitanda alikuwa Roselyne, mke wa mchungaji wa ng'ombe kutoka Lambwe, uchungu umemshika tangu jana yake na mtoto hatoki. Daktari alimpima akasema ni upasuaji, na haraka. Stima haikuwepo. Na vifaa vyote vya upasuaji vilikuwa vichafu, kwa sababu siku iliyotangulia lori lilipinduka barabarani na daktari alikuwa ameshona watu mpaka giza likaingia.

Sista Perpetua, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, alikuja mwenyewe kibandani. Alikuwa mwanamke mfupi asiyepaza sauti.

"Nimeweka seti kwenye sanduku," alisema. "Nahitaji mvuke upande mpaka ule mstari mwekundu, na ukae hapo. Ukishuka katikati, lazima nianze upya. Siwezi kumpa daktari kisu ambacho sina hakika nacho."

Nilitazama geji, kile kipimo cha mvuke. Mshale ulikuwa chini kabisa. Ningeweza kumwambia sawa, kama tunavyowaambia wakubwa. Lakini nilimfikiria yule mwanamke kitandani.

"Sista, mvuke nitaupandisha. Kuushikilia ndiko sina uhakika. Magunzi yameziba tanuri, na kuni zimelowa."

Hakunilaumu. "Unahitaji nini?"

"Kuni kavu za kweli. Oriang' au ober. Hata kidogo kidogo."

"Zipo wapi?"

"Sijui."

Sista akaenda moja kwa moja kwenye benchi la wagonjwa wa nje, akasema mbele ya wote kwamba kuna mama anahitaji kupasuliwa na hospitali haina kuni kavu. Watu walitazamana. Min Anyango alikuwa pale na mjukuu mwenye homa. Akamkabidhi mtoto kwa aliyekaa karibu naye, akainuka akifunga leso.

"Nani hapa hana kuni juu ya moto wake?" akauliza.

Katika majiko yetu kuna uchaga juu ya mafiga, na kila mama mwenye akili hukausha pale kuni zake za siku mbaya. Ni akiba asiyoonyesha mtu, hata mama mkwe. Min Anyango akaenda kutoa yake, na wengine wakamfuata kwenye mvua.

Mimi nilirudi kwa tanuri. Nilivuta makaa yote upande wa kushoto, nikafunga uso kwa kitambaa kilicholowa, nikapiga ile sahani ya kulia kwa mtaimbo mpaka ikapasuka. Vipande nilivivuta nje kwa reki vikiwa vyekundu. Nikasukuma makaa kulia, nikavunja kushoto. Joto liliniunguza nyusi, na nyusi zangu hazijawahi kurudi sawasawa, mnaweza kutazama. Kila nilipopumzika mkono nilitazama kioo cha maji, nikakisoma kwa sauti ingawa hapakuwa na mtu wa kuniitikia.

Hewa ilipoanza kupita, nilisikia tanuri likivuma. Na wakati huohuo wanawake wakaanza kufika. Walikuwa wamefunika kuni kwa karatasi za nailoni, na wengine kwa leso zao wenyewe, vichwa vyao vikinyeshewa. Kuni zilikuwa nyeusi kwa masizi, nyepesi, zinalia kama vigae ukizigonganisha. Mmoja alileta mguu wa kigoda kilichovunjika.

"Ni ober," alisema. "Mume wangu atauliza. Nitamwambia kiko hospitali."

Nilianza na vijiti vyembamba, kisha oriang' juu yake. Mshale ukaamka. Ulipofika mstari mwekundu nilipiga kengele, Sista akafungua bomba, na mshale ukashuka kidogo kama ilivyo kawaida, ukasita. Nikaingiza mguu wa kigoda. Tulikuwa wanawake saba au wanane tunatazama mshale mmoja kama watu wanaotazama mpira. Ukapanda tena. Ukakaa. Kila ulipotaka kutikisika, mkono fulani ulinipa ukuni bila kuombwa, na Min Anyango alikuwa akichagua upi: "Huo ngoja. Mpe huu."

Ukakaa mpaka Sista akapiga kengele yake ya kumaliza.

Baada ya hapo kazi haikuwa yetu tena, na hiyo ndiyo sehemu ngumu. Wanawake hawakwenda nyumbani. Walikaa kibandani wakikausha nguo, wakizungumza bei za maharagwe kwa sauti ambayo haikuwa na maharagwe ndani yake. Mwishowe tulisikia vigelegele kutoka dobi, ambako dirisha liko karibu na chumba cha upasuaji. Min Anyango alifumba macho kidogo, kisha akanikumbusha kwamba majivu ya leo ni mazuri na asisikie yamepewa mtu mwingine.

Alikuwa mtoto wa kike. Siku chache baadaye mama mkwe wa Roselyne alikuja kibandani na kuku mkononi. Akachungulia ndani, akaniona nimejaa masizi.

"Wewe ndiye mwenye moto?"

"Mimi nautunza tu, mama."

"Ero kamano," akashukuru, akafunga kuku mlangoni, akaenda. Sijapata kupewa cheti kilichotaga mayai isipokuwa hicho.

Mvua zilipoisha, daktari aliita mkutano wa kupanda miti kwenye kiwanja cha hospitali. Alitaka mikaratusi mitupu kwa sababu hukua haraka. Min Anyango, aliyealikwa pamoja na watu wa kijiji, alisema mkaratusi hunywa maji ya kisima na majivu yake hayafai maharagwe. Daktari aliuliza ober huchukua muda gani. Min Anyango akamjibu, "Daktari, ober hupandwa na mtu mwenye wajukuu." Walicheka wote wawili, wakagawana ardhi: mikaratusi michache kule kwenye kinamasi, ober na oriang' kwenye mteremko, na katikati asawo, mti mwembamba unaokua upesi, wa kutuvusha tukiisubiri ile miti mikubwa. Miche ya kwanza ililiwa na mbuzi wa kasisi. Tukapanda tena, tukaweka ua wa miiba, na kasisi akahubiri juu ya uvumilivu.

Muongo ulipokuwa unaisha tulikata asawo wetu wa kwanza. Hazikuwa kuni za kujivunia, fimbo tu, lakini zilikuwa zetu. Mwezi huohuo Sista Perpetua akatangaza kwamba wanakuja madaktari wa macho, watu wa kuondoa mtoto wa jicho. Nikaomba ruhusa, nikapanda gari la Migori, nikaendelea mpaka Kehancha, na kutoka pale nikauliza njia.

Mzee Marwa alikuwa amekaa nje ya nyumba yake akisikiliza redio. Alinitambua kwa hatua. Nilipomweleza nilichofuata, alikataa.

"Hii macho ilikula moshi miaka mingi. Imeshiba. Wacha ilale."

Mkewe alikuwa akipepeta wimbi kando. Akasema bila kuinua kichwa, "Mwaka mzima ananiuliza ng'ombe ameenda wapi, na ng'ombe amesimama mbele yake. Mchukue."

Tukaja naye. Jioni kabla ya upasuaji nilimpeleka kibandani, akagusa kila kitu, mlango, geji, bomba, kama mtu anayesalimia watoto. Nikamwekea majivu kiganjani. Akayasugua, akayapima, akayaonja. Akakunja uso.

"Hii siijui."

"Ni asawo, Mzee. Tumepanda wenyewe. Kesho ndiyo itachemsha vifaa vyako."

Akayasugua tena muda mrefu. "Nyepesi," alisema. "Lakini imeungua yote." Kwa Mzee Marwa hiyo ilikuwa sifa kubwa, na sikulala vizuri kwa furaha.

Kesho yake mshale ulikaa kwenye mstari tangu asubuhi. Wagonjwa wa macho waliingia mmoja mmoja, wakatoka wamefungwa bandeji, na yeye alikuwa miongoni mwao. Siku ya kufunguliwa nilinawa masizi usoni, nikavaa leso safi, nikaenda wodini. Sista Perpetua akamfungua bandeji polepole, akampangusa, akamwambia afumbue jicho.

Alifumbua. Akatazama dirisha, akatazama mikono yake pande zote mbili. Kisha akaniangalia mimi kwa muda mrefu hata nikaanza kuogopa kwamba haoni.

"Nyar Kisegi," akasema, "umezeeka."

"Na wewe je, Mzee?"

"Mimi," akasema, "bado sijajiona."